Jumamosi Kumi na Mbili Mtaani: Mwongozo kamili kwa wanafunzi wa Tanga wanaojitolea kwa majirani wenye ulemavu

Ziara za wanafunzi kwa "wenye mahitaji" zinajulikana. Basi linakodiwa, sukari na sabuni zinanunuliwa, zinatolewa hotuba mbili tatu, inapigwa picha ya pamoja, na kabla ya adhuhuri kila mtu amesharudi kwao. Wiki inayofuata mtoto yule yule mwenye mtindio wa ubongo yuko pale pale kwenye mkeka wa uani, na watoto wa jirani wanacheza upande wa pili wa ukuta bila kujua jina lake. Aliyemtembelea mara moja hakubadilisha chochote katika siku zake.

Mwongozo huu ni wa kazi ya namna nyingine: wanafunzi 12, kaya 4, Jumamosi 12 mfululizo, mtaa mmoja. Umeandikwa kwa shule za sekondari za Jiji la Tanga, ila shule ya Muheza au Pangani inaweza kuufuata bila kubadilisha mengi.

Kwa nini namba hizo

Kila kaya inapewa wanafunzi watatu. Chumba cha nyumba ya Kiswahili, yenye korido katikati na wapangaji kila upande, hakibebi wageni zaidi ya hapo bila mwenyeji kusimama. Mmoja anazungumza, wa pili anacheza na mtoto au anafanya kazi ya mikono, wa tatu anaandika na kuangalia saa. Akiugua mmoja wanabaki wawili, na ziara inaendelea. Akibaki mmoja peke yake, ziara ya kaya hiyo inaahirishwa na mwenyeji anapigiwa simu. Kundi liwe la mchanganyiko, na kaya yenye binti mwenye ulemavu ipate wasichana wasiopungua wawili.

Kaya nne ndizo mwalimu mlezi mmoja anazoweza kuzizungukia kwa miguu ndani ya saa mbili na kuingia kila moja. Zikifika saba, zipo ambazo mwalimu hazioni, na hapo ndipo mambo huharibika kimya kimya.

Jumamosi ni kumi na mbili kwa sababu tatu za kwanza huliwa na haya. Mtoto hakuzoei, mama anapanga maneno, na wanafunzi wenyewe hawajui mikono waiweke wapi. Kuanzia ya nne hivi mtoto huanza kukusubiri. Mpango wa wiki nne unakatika pale pale ulipotaka kuzaa.

Anzeni Jumamosi ya pili ya Julai. Masika yamekwisha, vichochoro vimekauka, muhula ndio kwanza umeanza, na mnamaliza mwishoni mwa Septemba kabla joto la mitihani ya Novemba halijapanda. Chukueni wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Tatu. Kidato cha Pili na cha Nne wana mitihani ya taifa mwaka huo. Mkiwachukua, wazazi watawatoa Agosti na kaya zitabaki zikiuliza wamekwenda wapi. Mpango ukilazimika kuangukia mwezi wa Ramadhani, sogezeni muda hadi alasiri. Asubuhi za mfungo watu wamekesha, na hodi ya saa tatu ni usumbufu.

Mtaa uwe umbali wa dakika zisizozidi ishirini kwa miguu kutoka shuleni. Shule iliyo Chumbageni haina sababu ya kwenda Pongwe. Nauli ya daladala ya watu kumi na watatu, kwenda na kurudi, mara kumi na mbili, ndiyo huua mpango kwenye wiki ya tano. Tena mkiwa majirani, mtoto anaweza kukutana nanyi Jumatano njiani mkitoka shule, na salamu hiyo ina uzito kuliko ziara nzima.

Ruhusa, kabla ya kitu kingine chochote

Ruhusa zianze kutafutwa wiki nne kabla. Mkuu wa shule anaandika barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, afisa maendeleo ya jamii wa kata na afisa ustawi wa jamii. Barua isizidi ukurasa mmoja, na kiini chake kiwe hivi:

"Shule inaomba ruhusa ya wanafunzi 12 na mwalimu mmoja kutembelea kaya 4 za mtaa wako kila Jumamosi, saa 3:00 hadi saa 5:00 asubuhi, kuanzia tarehe … hadi tarehe … Wanafunzi watavaa sare ya shule. Hawatapiga picha, hawatachangisha fedha, hawatakusanya namba za vitambulisho wala za simu."

Sentensi ya mwisho msiifute. Mtaani watu wamechoka kuandikishwa majina na wageni ambao hawarudi, na karibu na uchaguzi kila anayekuja na karatasi hudhaniwa ni wa chama fulani. Sare ya shule inajibu swali kabla halijaulizwa. Fulana za kuchapishwa maneno zinaleta maswali mapya, na hela yake ina kazi nyingine.

Barua peke yake haitoshi. Mwalimu na wanafunzi wawili waende wenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa, wakae, waeleze. Muulizeni pia kama mtaa una kamati ya watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazitambua kamati hizo hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Ikiwepo, hao ndio wenyeji wenu wa kwanza. Mpango unaowahusu watu wenye ulemavu ukapangwa bila hata mmoja wao kukaa kikaoni, umeanza na kosa.

Kila mwanafunzi alete fomu ya mzazi iliyosainiwa, yenye siku na saa, mtaa, jina na simu ya mwalimu, na nafasi ya kuandika ugonjwa au mzio wa mwanafunzi. Mwalimu azibebe kila Jumamosi kwenye bahasha. Zikiachwa kabatini shuleni hazitamsaidia mtu siku mwanafunzi anapozimia na jua.

Namna ya kuzipata kaya

Hapa pana kosa moja kubwa kuliko yote: kupita nyumba kwa nyumba mkiuliza nani ana mtoto mwenye ulemavu. Msifanye hivyo hata mara moja.

Fikirini mama mwenye mtoto mwenye ualbino. Nchi hii ilitikiswa miaka ya 2000 na mashambulizi na mauaji ya watu wenye ualbino, na hofu ile haijatoka kwenye nyumba zao. Anapoambiwa kuna watu mtaani wanauliza mtoto wake anaishi nyumba gani, hatajali kwamba wanaouliza ni wanafunzi. Atamfungia ndani, na ana haki. Hata kwa ulemavu mwingine swali hilo linamvua mtu nguo mbele ya majirani.

Njia iliyo sawa ni kwamba kaya ndiyo iwachague. Mwenyekiti, mjumbe wa kamati au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anakwenda peke yake kwa kaya sita au saba anazozijua, anaeleza mpango, na anaacha siku tatu za kufikiri. Wanaosema ndiyo wanapelekewa mwalimu peke yake kwanza. Mtu mwenye ulemavu mwenyewe aulizwe, hata akiwa mtoto wa miaka saba, kwa maneno, kwa ishara au kwa kuonyeshwa picha ya mpira na kitabu. Kaya inaweza kukataa leo, na inaweza kukataa wiki ya sita. Iambiwe hivyo waziwazi tangu mwanzo.

Msichague kaya nne zinazofanana. Mchanganyiko unaofaa kwa kuanzia ni mtoto asiyekwenda shule, kijana anayetumia kiti mwendo, familia yenye mtu kiziwi, na mzee asiyeona anayeishi na wajukuu.

Mafunzo ya alasiri nne

Fanyeni vikao vinne vya saa moja na nusu. Vitatu kati yake vifundishwe na watu wenye ulemavu wenyewe, nao walipwe nauli na posho kama mwezeshaji mwingine yeyote. Kumwomba kiziwi afundishe bure "kwa kuwa ni kwa faida yenu" ni kumdhulumu.

Kikao cha kwanza ni maneno. Semeni mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino, mtu mwenye ulemavu wa akili. Zeruzeru, taahira, zezeta na bubu yasitoke kinywani, hata kwa utani, hata mkiwa wenyewe shuleni. Viziwi wengi hujiita viziwi na hawaoni aibu. "Bubu" huwaudhi kwa sababu lugha wanayo. Mwanafunzi akiteleza asahihishwe papo hapo bila kuchekwa.

Kikao cha pili kinahusu kumwongoza asiyeona. Taja jina lako, uliza kama anataka msaada, halafu mpe kiwiko chako akishike yeye. Usimshike mkono na kumvuta, wala usiishike fimbo yake nyeupe. Tembea nusu hatua mbele yake. Mwili wako ukipanda au kushuka atausikia kwenye kiwiko. Kwenye ngazi simama kwanza, sema "ngazi, tunapanda", kisha panda. Mkifika kwenye kiti weka mkono wake kwenye egemeo, atakaa mwenyewe. Unapoondoka, sema unaondoka. Wanafunzi wafanyane zoezi hili wamefungwa kitambaa machoni, kutoka darasani hadi bombani, kwa dakika kumi. Lengo la zoezi ni kumfundisha anayeongoza. Dakika kumi za kitambaa hazimfundishi mtu maisha ya asiyeona.

Cha tatu ni lugha ya alama. Alama thelathini zinatosha kuanzia: salamu, jina, mama, cheza, kula, maji, choo, inauma, ndiyo, hapana, asante, sijaelewa, rudia, Jumamosi, na nyingine mtakazopewa na mwalimu kiziwi. Jifunzeni kwake. Alama za nchi nyingine mlizoziona kwenye simu zinaweza kuwa na maana tofauti. Mkizungumza na kiziwi, nuru iwe usoni kwenu; ukisimama na mlango nyuma yako uso unakuwa giza tupu. Familia nyingine zina ishara zao za nyumbani. Hizo nazo zijifunzeni.

Cha nne ni kiti mwendo na dharura. Kiti cha mtu ni sehemu ya mwili wake, hakiguswi bila kuuliza. Kwenye lami hakuna tabu. Tabu ni mchanga wa vichochoroni: magurudumu madogo ya mbele yanazama, kiti kinasimama ghafla, na mwenyewe anarushwa mbele. Kwa hiyo mkifika mchangani mwambieni kwanza, kisha kanyageni chuma cha nyuma, inueni magurudumu madogo, mkivute kiti kinyumenyume kwa magurudumu makubwa. Kushuka ukingo wa barabara pia ni kinyumenyume, taratibu, magurudumu makubwa yakitangulia. Kila mnaposimama, breki zote mbili.

Dharura inayoogopwa kuliko zote ni kifafa. Wengi wanaamini povu linaambukiza, wanamkimbia mgonjwa, naye anaumia kwa kuachwa peke yake. Kifafa hakiambukizi. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitambaa chini ya kichwa, mlaze ubavu mara unapoweza, angalia saa. Usimbane, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe maji. Degedege likizidi dakika tano, likirudi kabla hajazinduka, au akiwa ameumia, ni hospitali mara moja. Ndiyo maana mwalimu awe na namba ya bajaji mmoja anayeaminika, aliyekubali kupokea simu Jumamosi asubuhi.

Ziara ya kwanza

Ni ya dakika arobaini. Piga hodi mara tatu, pasipojibiwa ondokeni. Vueni viatu. Salimieni kwa mpangilio wa umri, na mwenye ulemavu asirukwe.

"Shikamoo mama."
"Marahaba wanangu, karibuni."
"Ahsante. Na wewe hujambo? Sisi tumetoka shule ya pale juu. Mimi naitwa … , wewe unaitwa nani?"
"Huyo hasemi," mama atajibu.
"Sawa mama. Tutamsubiri."

Ni pale kwenye kusubiri ndipo ziara ya kwanza inapofaulu au kuanguka. Wanafunzi wengi humgeukia mama na kuuliza yote kupitia kwake, na mtoto anakuwa kama kitu kilichowekwa sebuleni. Mtazame yeye. Hesabu kumi kimoyomoyo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuhitaji sekunde nyingi kukusanya jibu la macho au mkono, na watu humkatiza kila siku ya maisha yake.

Msiulize ulemavu ulitokana na nini, wala nani alilogwa, wala kama wamekwenda kwa mganga. Maswali matatu yanatosha siku hiyo: unapenda kufanya nini, unacheza au unazungumza na nani, na ni kitu gani hapa mlangoni au njiani kinakuzuia kutoka. Jibu la swali la tatu ndilo litakalowapa kazi ya wiki zinazofuata.

Mchezo

Ziara tatu za kwanza zikipita, kazi kuu iwe kuwaingiza watoto wa jirani. Tofauti ya kudumu huletwa na hao, kwa sababu wao hawaondoki Septemba. Njia nyepesi ni kuhamishia mchezo barazani au kivulini na kuacha mlango wazi. Watoto watakuja wenyewe.

Mpira wa sauti, kwa ajili ya asiyeona, hutengenezwa hivi. Tia punje kumi hadi kumi na tano za mahindi makavu kwenye kichupa kidogo cha plastiki cha dawa, funga kifuniko kwa gundi. Zungushia sponji nyembamba ili kisipige mtu, kisha tabaka mbili tu za kitambaa, halafu kamba kama chandimu ya kawaida. Kosa la kila mara ni kuongeza vitambaa ili mpira uwe mkubwa. Sauti inamezwa na mpira haufai tena. Wachezaji nao hawasikiki wakikaa kimya, kwa hiyo kila anayepokea mpira ataje jina lake kwa sauti. Chezeni kwa kuuviringisha chini mkiwa mmekaa duara, na wenye kuona nao wafunge macho.

Bao nalo msilisahau. Mashimo 32 na kete 64 vyote husomeka kwa vidole, na mzee asiyeona aliyecheza ujanani atawashinda vijana wote watatu. Mkeka uwe kivulini, ubao usitikiswe, na kila mchezaji aseme kwa sauti anapoanzia na anapoishia.

Mtoto mwenye ualbino akiwepo, mchezo wa nje umalizike kabla ya saa nne, au uwe baada ya saa kumi jioni. Kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua yapakwe dakika ishirini kabla ya kutoka. Wengi wana uoni hafifu, kwa hiyo kadi na herufi ziandikwe kwa kalamu nene nyeusi, nene kuliko mnavyodhani inatosha.

Mteremko wa mlangoni

Kaya yenye kiti mwendo mara nyingi itajibu swali la tatu kwa neno moja: kizingiti. Nyumba zetu zimeinuliwa kukinga mvua, na hatua moja ya sentimita 15 inatosha kumfunga mtu ndani hadi apatikane wa kumbeba.

Kanuni ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita kumi na mbili za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Upana uwe sentimita 100, na pembeni kuwe na kingo za sentimita 5 hivi ili gurudumu lisiteleze nje. Mafundi wengi watawaambia mita moja inatosha. Haitoshi. Kwa mita moja mwenye kiti hawezi kupanda peke yake, na akisukumwa kiti kinaweza kumpindua kinyumenyume.

Kabla ya kununua hata kilo ya saruji, mwenye nyumba akubali kwa maandishi, na wapangaji wengine waulizwe. Mteremko wa karibu mita mbili unaingia barabarani. Kichochoro kikiwa chembamba, ulazeni sambamba na ukuta, juu yake pakiwa na jukwaa tambarare la mita moja na nusu kila upande mbele ya mlango, ili kiti kigeuke. Jukwaa lina saruji na kokoto zake, hesabu yake ipigwe na fundi.

Kwa mteremko wenyewe, sentimita 180 kwa 100 kwa kimo cha 15, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha: ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20. Maji yawe kiasi cha ndoo moja na robo, pungufu mchanga ukiwa umelowa. Mchanga wa ufukweni usitumike, hata kama bahari iko karibu na mkokoteni ni wa bure. Chumvi yake huifanya kazi itoe maua meupe na kula nondo. Udongo wa chini uchimbwe sentimita kumi, urudishwe na kushindiliwa, au ncha ya chini itavunjika mwezi wa kwanza. Uso usisakafiwe ukalainika. Upigwe fagio kwa kukatisha ili uwe na mikwaruzo.

Fundi ndiye anayechanganya na kumwaga. Wanafunzi wanabeba maji na kokoto kwa ndoo nusunusu, wakiwa na viatu vya kufunika, na saruji mbichi isiguswe kwa mikono mitupu kwani inababua. Baada ya hapo kuna kazi ambayo fundi haifanyi na wanafunzi wanaiweza sana: kufunika kwa magunia na kumwagia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Pangeni zamu. Kiti kisipite kabla ya siku ya saba kuisha.

Mtoto asiyekwenda shule

Elimu ya msingi ni haki yake na haina ada. Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka kwa ajili ya Januari, kwa hiyo Agosti ndio wakati wa kuanza. Wanafunzi hawaendi kumshinikiza mzazi. Mwalimu mlezi anamfikia afisa elimu kata, na kupitia kwake afisa elimu maalumu wa halmashauri, ili mtoto apimwe na ijulikane anafaa shule ya jirani, kitengo maalumu au bweni. Kazi ya wanafunzi ni ndogo na ya maana: kumzoesha kukaa, kushika kalamu, kusikia jina lake likiitwa, na kumpitisha mbele ya lango la shule Jumamosi moja ili asiliogope.

Usalama

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto mnayemtembelea, na inawalinda nyinyi pia mlio chini ya miaka 18. Hakuna mwanafunzi kubaki peke yake na mtu yeyote katika chumba kilichofungwa. Hakuna kumwogesha mtu, kumpeleka chooni, kumpa dawa, wala kushika fedha za kaya. Kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo ni kazi ya mama. Mama akitaka kuwafundisha, mtoto awe amekaa wima, kijiko kidogo, polepole, maana akilishwa amelala chakula kinaingia njia ya hewa.

Picha hazipigwi. Hata mama akikubali, hata uso ukifichwa. Simu zibaki kwenye mfuko wa mwalimu.

Mkiona majeraha yanayojirudia, mtoto aliyefungwa kamba, au mkisikia neno la kutisha, msichunguze, msihoji, na msimwahidi mtoto kuwa ni siri. Mwambieni: "Ahsante kwa kuniambia. Nitamwambia mwalimu ili upate msaada." Mwalimu aambiwe kabla ya kutoka mtaani, naye siku hiyo hiyo apeleke taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo. Kuzungumza na familia kwanza "ili tusiwaaibishe" kumewahi kuwaponza watoto wengi, kwa kuwa anayeumiza hupata muda wa kumhamisha au kumtisha.

Zawadi

Mtauliza, twende mikono mitupu? Machungwa mawili matatu ya Muheza kwa mzee ni adabu zetu, pelekeni. Katoni ya sabuni na mfuko wa unga ni jambo jingine. Kaya moja ikipewa, jirani aliye na shida ile ile anauliza kwa nini yeye hakupewa, na Jumamosi inayofuata mlango unafunguliwa kwa macho yanayotazama mikono yenu. Mfadhili akijitokeza na chakula, apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii, kigawiwe kwa utaratibu wa mtaa, bila wanafunzi.

Fedha za mpango ziende kwenye posho ya wafundishaji, nauli ya dharura, maji ya kunywa, madaftari matano, kalamu nene, vifaa vya mpira wa sauti, na saruji kama kuna mteremko. Hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Daftari na kuondoka

Kila kaya ina daftari lake lenye namba badala ya jina. Kila ziara iandikwe mistari minne: nani alikwenda, kilifanyika nini, mwenyewe alionekanaje, na tumeahidi nini. Mstari wa nne usomwe kabla ya kila ziara. Ukiahidi kuleta kitabu cha hadithi, kisipokuja Jumamosi hiyo, mtoto anayekaa siku sita akisubiri ataihesabu kila siku moja. Kwa hiyo ahidini kidogo sana.

Idadi ya ziara haisemi mengi. Angalieni kama ametoka nje ya mlango wiki hii bila nyinyi, kama kuna mtoto wa jirani anayemwita kwa jina, kama yeye mwenyewe ameomba au amekataa kitu. Kukataa ni dalili njema. Anayekataa ameanza kuamini kwamba anasikilizwa.

Habari za kuondoka zianze Jumamosi ya tisa. Mwonyesheni mtoto kwa kete tatu: kila Jumamosi inayopita kete moja inatolewa. Ya kumi na moja mje na jirani au kijana wa mtaa atakayeendelea kuja, akae, acheze, mkiwa bado mpo. Ya kumi na mbili isiwe sherehe ya hotuba. Chezeni kama siku zote, kisha kila mwanafunzi aage kwa jina, na waliokuwa wakitembelea nyumba ya kiziwi waage kwa alama.

Ripoti ya kurasa mbili iende kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata kabla ya Oktoba kwisha. Waandike pia yaliyoshindikana: mteremko usiojengwa na sababu yake, kaya iliyojitoa. Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Fimbo Nyeupe na 3 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Mkialikwa, nendeni, mkitanguliwa na wenyeji wenu kama wao wenyewe wanataka kwenda.

Madaftari wakabidhiwe wale wa Kidato cha Kwanza. Januari shule zikifunguliwa watakuwa Kidato cha Pili, mwaka wao wa mtihani, kwa hiyo kazi yao ni moja: kuwachukua wageni wa Kidato cha Kwanza hadi kwenye zile kaya nne, Jumamosi mbili, na kupiga hodi ya kwanza wao wenyewe.